Kutoa kutu ndani ya tangi la pikipiki iliyokaa muda mrefu

Pikipiki imekaa nyuma ya nyumba tangu mwenyewe apate kazi mbali, au tangu injini igome na pesa za fundi zikakosekana. Sasa unataka irudi barabarani. Umefungua mfuniko wa tangi, umechungulia, na badala ya bati safi umekuta wekundu wa kutu na petroli iliyogeuka kahawia. Maswali yanayofuata ni yaleyale kila mara: ninunue tangi jingine? Nimwage asidi ya betri humo ndani? Au nifunge filta tu niendelee na kazi?

Matangi mengi hayahitaji kubadilishwa. Asidi ya betri usiiguse. Na filta peke yake itakuacha njiani kati ya Kisumu na Ahero, mteja amekaa nyuma, filta imejaa matope mekundu na injini imezima.

Mwongozo huu ni wa tangi la chuma, lile la Boxer, TVS, Honda na pikipiki nyingine za boda, ambalo kwa kawaida huchukua kama lita 10 hadi 12. Ukifuata hatua zote utalitumia tangi hilo miaka mingi. Ukiruka moja, hasa ile ya kukausha, kutu itarudi kabla hata hujafunga koki, yaani kile kifungulio cha petroli chini ya tangi. Wengi wanaolalamika kwamba siki haifanyi kazi walitoa kutu vizuri kabisa, kisha wakasuuza kwa maji, wakaliacha tangi mpaka kesho, na asubuhi wakakuta wekundu mpya. Kulowesha tangi kwa dawa ya kutu hakuhitaji ujuzi mwingi. Kazi yenyewe iko kwenye ile nusu saa baada ya kumwaga dawa, kwa hiyo panga kila kitu ukiiwaza hiyo nusu saa.

Kwa nini huku kwetu matangi huliwa haraka

Tangi lililojaa petroli halishiki kutu kwa urahisi. Lililojaa nusu ndilo huoza, kwa sababu ile nusu nyingine ni hewa, na hewa ya kando ya ziwa hapa Kisumu, Homa Bay au Busia ina unyevu mwingi. Usiku bati hupoa na unyevu unageuka matone juu ya dari ya tangi. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mchana ni jua na usiku ni baridi, na matone ni hayohayo. Matone hudondoka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini kabisa, pale penye koki. Ndiyo maana kutu mbaya hukaa sehemu mbili: darini na sakafuni. Kumbuka dari, tutairudia.

Kwanza jua kama tangi linaokoleka

Usinunue chochote kabla ya kukagua. Mwaga petroli iliyomo na utoe tangi kama ilivyoelezwa katika hatua ya 1 na ya 2, liache tangi wazi lipigwe na upepo kivulini hadi harufu ipungue, kisha mulika kwa tochi. Kama unatumia simu, ishike juu ya mdomo wa tangi, usiiingize ndani.

Ukiona vumbi la rangi ya machungwa linalofutika kwa kidole, hiyo ni kutu changa na kazi itakuwa nyepesi. Ukiona magamba yanayobanduka, bado tangi linaokoleka, ila utahitaji kulitikisa na cheni. Halafu lipindue, uangalie chini kwa nje, kando ya mshono ambapo vipande viwili vya bati vimeunganishwa, na kuzunguka tundu la koki. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Bati likibonyea, au rangi ikiwa imevimba na kupasuka, chuma kimeisha. Tafuta tangi jingine. Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu au kwa wauza spea kuukuu popote pale, beba tochi yako. Matangi yanayouzwa huko nayo yamekaa nje mvuani, na rangi mpya ya nje haisemi lolote kuhusu ndani.

Vitu vya kuandaa

- Spana za kufungulia tangi na koki, bisibisi, koleo
- Mtungi wa kuwekea petroli kuukuu, wenye mfuniko unaofunga
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Dawa ya kutu: molasi, sitriki asidi au siki nyeupe (chagua moja, maelezo yako hatua ya 5)
- Bekingi soda. Si bekingi pauda. Hiyo imechanganywa na vitu vingine, wanga ukiwemo, ambavyo huvitaki ndani ya tangi
- Lita moja ya spiriti
- Kipande cha tyubu kuukuu na kipande cha plastiki ngumu cha kuzibia tundu la koki
- Futi mbili za cheni kuukuu ya pikipiki iliyooshwa, na waya
- Nusu lita ya petroli mpya na oili kidogo ya injini
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho
- Filta mpya, hozi mpya ya petroli na gasketi ya koki

Fanyia kazi nje, mbali na jiko, sigara, jenereta na mashine ya kuchomelea. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio hulipuka. Watoto wakae mbali.

Hatua kwa hatua

1. Mwaga petroli kuukuu. Chomoa hozi kwenye kabureta, iingize ndani ya mtungi, fungua koki. Ikigoma kutoka, koki imeziba. Utamalizia kupitia mdomoni ukishalitoa tangi. Petroli iliyokaa hunuka kama vanishi na haifai tena kwa injini. Usiimwage mtaroni, maana mitaro ya Kisumu huishia ziwani na ya Nakuru huteremkia Ziwa Nakuru. Usiitumie kuwashia takataka pia. Wapo waliochomeka uso kwa mchezo huo. Fundi wa garaji ataipokea aoshee vyuma vyenye grisi.

2. Toa tangi. Kwanza chomoa waya hasi wa betri. Ondoa kiti, fungua bolti za nyuma ya tangi, chomoa hozi na waya wa geji ya petroli, kisha livute nyuma huku ukiliinua. Mbele limekalia mipira miwili, angalia isipotee.

3. Fungua koki, geji na mfuniko. Koki nyingi hushikwa na bolti mbili ndogo, nyingine na nati moja kubwa. Ivute polepole, kwa sababu ina kijibomba chenye chujio kinachosimama ndani ya tangi na huvunjika upesi. Floti ya geji, yaani kiboya chake, nayo lazima itoke. Dawa itaiharibu, na cheni itaivunja mkono. Mfuniko weka kando. Huwa na sehemu za alumini au zinki, na madini hayo huliwa na dawa zote tatu nilizotaja.

Sasa ziba tundu la koki. Usirudishe koki yenyewe kama kizibo, maana nayo huliwa. Kata kipande cha tyubu chenye ukubwa wa kitako cha koki, weka juu yake kipande cha plastiki ngumu au bati nene, toboa matundu mawili yanayolingana na ya bolti, kaza. Tundu la geji lizibe vivyo hivyo. Jaza maji safi, uliache tangi juu ya karatasi kavu kwa nusu saa. Likivuja maji, litavuja na dawa, na dawa ikipita juu ya rangi ya nje huifubaza. Heri ujue sasa.

4. Osha mafuta kabla ya kugusa kutu. Watu huruka hapa kwa sababu ndani panaonekana pakavu. Petroli ikikauka huacha utando wa gundi, na chini ya utando huo dawa haifikii kutu. Weka sabuni ya maji na maji ya moto, tikisa, mwaga, rudia mpaka harufu ya petroli iishe. Maji haya ya kwanza yana mafuta. Yakusanye ndooni uyapeleke kwenye garaji au kituo cha petroli chenye shimo la kutenganishia mafuta.

Kama kuna magamba, huu ndio wakati wa cheni. Weka tena maji ya sabuni, lita moja au mbili, funga waya kwenye ncha ya cheni ili uweze kuivuta, iteremshe ndani na uache waya ukining'inia nje. Funika mdomo kwa kitambaa, zungushia tangi blanketi kuukuu ili rangi isikwaruzwe, kisha tikisa huku ukilipindua kila upande, dari chini, dari juu. Mwaga, uone magamba yaliyotoka, weka maji mengine, endelea. Maji yakianza kutoka bila magamba, acha. Usifanye kazi hii tangi likiwa bado linanuka petroli, kwa sababu chuma kikigonga chuma kinaweza kutoa cheche. Usitumie mchanga wala kokoto; vijiwe hujificha kwenye mshono, na siku moja utavikuta ndani ya kabureta. Ukitumia nati badala ya cheni, zihesabu kabla na baada.

5. Lowesha. Chagua dawa kulingana na muda ulio nao.

*Molasi.* Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiye na haraka, na sisi wa ukanda wa miwa hatuna sababu ya kuihangaikia. Agroveti nyingi huiuza kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nayo hutoka kwenye viwanda vyetu vya sukari. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji. Kwa tangi la lita 11, molasi ya lita moja na kidogo inatosha. Ikoroge kwanza ndooni kwa maji ya uvuguvugu, maana ukiimwaga moja kwa moja itatulia chini kama ilivyo. Jaza tangi mpaka shingoni. Usilifunge kwa mfuniko: molasi huchacha na kutoa hewa, na hewa ikikosa pa kutokea hutafuta njia kwa nguvu. Funika kwa kitambaa kilichofungwa uzi, la sivyo nyuki na inzi watahamia humo.

Acha wiki moja, uangalie. Kutu nene huhitaji wiki mbili, wakati mwingine tatu. Joto huharakisha kazi, kwa hiyo tangi lililowekwa Kisumu au Ahero litamalizika mapema kuliko lililo Nakuru au Molo. Juu patakuwa na povu, kioevu kitageuka cheusi, na harufu itakuwa kali. Liweke mbali na madirisha ya jirani. Uzuri wa molasi ni kwamba hushika kutu na kuacha chuma kizima bila madhara ya maana, hivyo ukichelewa siku mbili tatu hujaharibu kitu. Baada ya kazi usimpe ng'ombe kioevu hicho hata kama harufu inamvuta. Kimebeba kutu na mabaki ya petroli.

*Sitriki asidi.* Ni unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuokea na ya kemikali za kutengenezea sabuni na sharubati. Pima gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya moto kiasi. Kwa tangi la lita 11 ni kati ya nusu kilo na kilo moja na kidogo. Acha usiku mmoja, uangalie asubuhi. Kama bado, ongeza saa chache, lakini usiisahau humo siku nyingi, kwani ikimaliza kutu huanza kugusa chuma.

*Siki nyeupe.* Itumie bila kuichanganya na maji, siku moja hadi tatu. Inafanya kazi vizuri, ila kujaza tangi zima unahitaji zaidi ya mitungi miwili ya lita tano, na hapo sitriki inakuwa nafuu zaidi.

Katika maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi utapata pia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki. Ni nzuri, kwa sababu huacha tabaka jembamba linalochelewesha kutu mpya. Fuata maelezo ya kwenye mkebe.

Dawa yoyote utakayochagua, jaza mpaka juu. Hapa ndipo ile dari inapokuja. Wengi huweka lita nne wakidhani kutikisatikisa kunatosha, na dari inabaki nyekundu. Kama dawa haitoshi, pindua tangi chini juu nusu ya muda, mdomo ukiwa umezibwa kwa plastiki na mpira. Hilo fanya kwa sitriki au siki tu, na ulegeze kizibo kila baada ya muda, kwani asidi ikila kutu na chuma hutoa hewa. Molasi usiipindue ikiwa imefungwa.

Vitu vya kuepuka kabisa: asidi ya betri na asidi kali ya kusafishia choo. Ni kweli zinatoa kutu kwa dakika chache. Zinakula na bati pia, mvuke wake unaunguza mapafu, na chuma kilichotoka humo hushika kutu upya mbele ya macho yako. Usichanganye dawa yoyote ya asidi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa gesi ya sumu. Soda ya chupa ni kupoteza pesa, ina asidi kidogo na sukari tele.

6. Mwaga, tuliza asidi, suuza. Usianze hatua hii jioni. Mvua zetu za kanda ya ziwa hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo chagua asubuhi yenye jua, uanze mnamo saa tatu. Kabla ya kumwaga dawa, weka karibu nawe maji ya moto, bekingi soda iliyokwisha kukorogwa, spiriti iliyofunguliwa, na oili na petroli zilizokwisha kuchanganywa. Kama utatumia kompresa ya fundi wa panchari, kubaliana naye mapema, au fanyia kazi hiyo palepale kwake. Ukishamwaga dawa, hakuna kwenda dukani.

Mwaga. Mulika ndani haraka: chuma kinapaswa kuwa cha kijivu, pengine cheusi mahali pengine. Weusi huo si tatizo, ni utando tu, na mwingi utatoka kwa kusuuza. Tikisa na maji ya moto mara mbili, mwaga. Kisha weka lita tatu nne za maji ya moto yenye vijiko vitatu vikubwa vya bekingi soda kwa kila lita. Yatatoa povu, hivyo usifunge. Yazungushe yafike kila kona, darini pia, kwa dakika tano. Mwaga, suuza mara ya mwisho kwa maji ya moto sana, ukivaa glavu. Umoto huu una faida yake: bati likiwa la moto hujikausha lenyewe kwa kiasi kikubwa.

7. Kausha papo hapo. Fungua vizibo vyote, pindua tangi maji yachuruzike kupitia tundu la koki, likung'ute. Mimina nusu ya spiriti, lizungushe kila upande, ifike kwenye mshono wa chini ambako maji hujificha, kisha imwage. Spiriti huchanganyika na maji na kutoka nayo. Rudia na nusu iliyobaki.

Halafu puliza kwa kompresa. Mwombe fundi kwanza afungue koki ya chini ya mtungi wake wa kompresa atoe maji, kwa sababu hewa iliyobanwa hukusanya maji mengi humo, na bila kufanya hivyo utakuwa unapuliza unyevu ndani ya tangi ulilotoka kulikausha. Elekeza hewa kwenye mshono na kwenye kona za mbele, pale tangi linapogawanyika kupisha fremu. Kama huna kompresa, liweke juani likiwa limeegemezwa, matundu yote wazi na tundu la koki likitazama chini, ukiligeuza kila baada ya dakika chache.

Ukishatia spiriti usitumie mashine ya kukaushia nywele wala moto wa aina yoyote. Spiriti huwaka kama petroli. Mashine ya nywele inafaa pale tu ambapo hukutumia spiriti kabisa na tangi halina hata chembe ya harufu ya petroli.

Kujua kama pamekauka, funga kipande cha tishu kwenye waya, kipitishe kwenye mshono wa ndani. Kikitoka kikavu na chenye rangi ya kijivu, endelea. Kikitoka na unyevu, rudi kwenye hewa.

8. Paka oili bila kuchelewa. Chukua nusu lita ya petroli mpya iliyochanganywa na oili kama ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa. Mimina, funga matundu, zungusha tangi mpaka kila mahali pamelowa, dari ikiwemo. Petroli itapaa na oili itabaki kama ngozi juu ya chuma. Kama pikipiki inaingia barabarani leo, mwaga mchanganyiko huo na ujaze tangi petroli mpya mpaka juu. Kama injini bado haijatengenezwa, acha oili humo, funga kila tundu, lihifadhi tangi ndani ya nyumba.

9. Rudisha. Weka gasketi mpya ya koki na usafishe chujio lake. Kabla ya kulipandisha tangi, weka petroli kidogo, uliache juu ya kadibodi kavu kwa saa moja. Halafu liangalie kabureta: ile kutu iliyokuwa kwenye tangi imekwisha kufika huko. Fungua bakuli la chini, futa mashapo, toa jeti (vile vijipua vyenye matundu madogo ya kupitishia petroli) uzipulize kwa hewa, usizichokoe kwa sindano. Funga hozi mpya na filta mpya ukitazama mshale wa filta. Filta ya kwanza itajaa weusi kidogo ndani ya siku chache. Ibadilishe bila kusubiri.

Mfuniko nao ukague, maana huenda ndio ulioleta shida yote. Gasketi yake ikikauka na kupasuka, mvua na presha ya waosha pikipiki huingiza maji moja kwa moja tangini.

Tangi likikusumbua baada ya hapo

*Wekundu mwembamba umetokea tena siku ileile.* Hapakukauka vizuri. Huna haja ya kuanza upya na cheni. Weka sitriki kwa saa moja hadi mbili, kisha hatua ya 6 hadi ya 8 bila kupumzika katikati.

*Petroli inatoa unyevunyevu chini ya tangi.* Kulikuwa na kitobo kilichozibwa na kutu yenyewe. Kama ni kimoja, putty ya chuma ya sehemu mbili isiyoyeyushwa na petroli inakizuia ukiipaka kwa nje juu ya chuma kilichokwaruzwa hadi kung'aa. Vikiwa vingi, badilisha tangi. Zipo dawa za kupaka ndani zinazokauka kama plastiki, lakini zikipakwa juu ya chuma chenye unyevu au mabaki ya kutu hubanduka vipandevipande na kuziba koki, nami sishauri mtu azitumie kwenye tangi ambalo halina vitobo. Usikubali fundi achomelee tangi kwa sababu tu linaonekana kavu. Anayeijua kazi hiyo huliosha upya na kulijaza maji mpaka karibu na kitobo kabla ya kuwasha moto.

*Injini inawaka, inakwenda kilomita moja mbili, inazima; ukingoja kidogo inawaka tena.* Fungua mfuniko wa tangi pale inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa, kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba. Kisafishe kwa waya mwembamba na hewa. Usiposikia kitu, angalia filta na chujio la koki.

*Kabureta inadondosha petroli kwenye bomba la kumwagia.* Chembe ya kutu imekaa chini ya sindano ya floti. Fungua, puliza, futa kikalio cha sindano. Ikiendelea, sindano imechakaa.

*Moshi wa buluu siku ya kwanza.* Ni ile oili uliyopaka. Ukiendelea baada ya tangi la pili la petroli, tatizo ni la injini, si la tangi.

*Geji haisomi.* Mara nyingi ni waya uliosahaulika hatua ya 2, au floti iliyorudishwa ikiwa imepinda na kugusa ukuta wa tangi. Itoe, uisogeze kwa mkono juu na chini huku waya umeunganishwa na swichi imewashwa, lakini ufanyie mbali na mdomo wa tangi, tundu lake likiwa limefunikwa.

*Dari bado ina mabaka mekundu.* Dawa haikuifikia. Tangi lipinduliwe, sitriki iwekwe mpaka ifunike dari yote, usiku mmoja, kisha hatua ya 6 asubuhi kukiwa na jua.